Wastaafu wawili na Hiace yenye kitanda: kulala kwenye gari uani kwa mtoto ni dharau?

Kihesa_Mstaafu:
Wakuu habari za humu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjaamkia.

Mimi na mama watoto tumemaliza utumishi, mimi mwalimu yeye nesi, mimi nilitoka na 60 zangu mwaka juzi na yeye akaomba kwa hiari akiwa na 57 maana zamu za usiku zilikuwa zinamvimbisha miguu. Ile hela ya mkupuo ilipoingia (ya kikokotoo, ile hesabu ya mafao, msinichekeshe) kila mtu mtaani akawa mshauri wetu, mara bodaboda tatu, mara kuku wa nyama, mara parachichi Njombe. Sisi tukanunua Hiace. Injini 3L, mwili umechoka kidogo ila moyo mzima, nimeng'oa siti zote za nyuma, seremala wa hapa Kihesa, Iringa, kanichongea kitanda cha mbao za Mafinga chenye droo chini, godoro la inchi nne nimelikata mwenyewe na kisu cha jikoni siku mama yuko ibadani. Mapazia kashona yeye. Ya maua. Nimenyamaza.

Wazo lenyewe nililitoa kwa wale wazungu wanaopaki kambi ya Kisolanza njia ya Mafinga, mliopita njia ile mnawajua, magari yamegeuzwa nyumba na wengine ni wazee kabisa. Siku moja niliwakuta bibi anamenya viazi mlangoni, babu anaanika soksi kwenye kioo cha pembeni, hawana haraka na mtu. Nikamwambia mama, na sisi tutaanika soksi zetu.

Sasa mpango ni huu, tarehe 20 Desemba tunashuka Ipogolo, Mafinga kwa dada yake mama, Makambako kwa rafiki yangu tuliyefundisha naye, tunakata kushoto Njombe kwa binti yetu, tunarudi Makambako, halafu Mbeya, Krismasi Tukuyu kwa kijana wetu wa kwanza, mwaka mpya tukaumalizie Matema, Ziwa Nyasa.

Shida si gari, shida ni watu. Mama anasema tukilala garini uani kwa mwanetu majirani watasema tumefukuzwa ndani, au mkwe atadhani tumeiona nyumba yake chafu. Dada yake wa Mafinga tulimwambia kwenye simu, akauliza "mnalala WAPI?" kisha akakata, kumbe ameshafua na mashuka. Mimi nasema hivi, nyumba za hawa watoto ni vyumba viwili, tukiingia sisi wajukuu wanahamia sebuleni kwenye mkeka, na mimi usiku naamka mara tatu kwenda haja, sasa kila mara niruke vichwa vya watoto gizani? Mnisaidie, ni dharau au si dharau? Na kama kuna anayejua hali ya njia na baridi aseme pia.

Chuma_Mboga:
Mzee shikamoo. Swali dogo tu, mama akinuna na gari ndio chumba pekee, wewe unalala wapi, juu ya keria?

Spana_Uyole:
Shikamoo mwalimu. Mambo ya wakwe siyawezi ila gari niachie mimi, nipo gereji hapa Uyole, Mbeya, mwaka wa kumi na nne.

La kwanza kabisa, na hili nakuomba kama mwanao, jiko la mkaa lisiingie kwenye hiyo gari. Hata kama linakaribia kuzima, hata kama Njombe inakutafuna mifupa. Huku kwetu kila msimu wa baridi tunasikia watu wamelala na jiko ndani wamefunga madirisha hawakuamka, ule mkaa ukishashika vizuri hautoi moshi wala harufu ndio maana unadanganya, unasinzia ukidhani ni joto tu. Na Hiace ni kopo, ni ndogo kuliko chumba chochote. Tumia mtungi mdogo wa gesi na upikie nje, ule mlango wa nyuma ukiuinua unakuwa paa, mvua haikupati. Usiku acha kioo wazi kama upana wa vidole viwili pande zote mbili, vinginevyo asubuhi pumzi zenu zitakuwa zinadondoka kutoka kwenye dari kama mmelala chini ya mgomba.

Pili breki. Kuja Uyole ukishapita Inyala unakutana na ule mteremko wa Mlima Nyoka, malori ya Tunduma na Zambia yamejaa, na kushuka Tukuyu mpaka Kyela ni mteremko mwingine mrefu. Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Usiikanyage breki muda wote, ikichemka inakuacha unatembea tu na sala. Na lile kitanda la mbao na madumu ya maji vyote umeweka nyuma, sivyo? Maji sogeza mbele, nyuma ya siti ya dereva, gari ikikaa mkia chini usukani unakuwa mwepesi na taa zako zinamulika miti badala ya barabara.

Tatu, kama mnawaza Kitulo kuona maua (Desemba ndio yanaanza kuchangamka, pazuri sana, juu kule mnakaribia mita 2,600 kwa hiyo bebeni blanketi la pili) msipandie Chimala kwenda Matamba siku ya mvua. Ile njia ina kona 57 zinahesabika, watu wanaiita hivyo hivyo Hamsini na Saba, na udongo ukilowa ni sabuni. Hiace haina meno ya mbele, inasukumwa na nyuma.

Ukipita Uyole nitakaza boliti za hicho kitanda bure.

Bint_wa_Makambako:
Mzee shikamoo, mimi naongea upande wa watoto na naomba usinikasirikie. NI DHARAU. Sio ya makusudi lakini inauma. Wazee wangu walikuja kunitembelea Pasaka wakalala gesti bila kuniambia, eti wasinisumbue, mimi nimepaka rangi chumba, nimenunua neti mpya, nimekopa kitanda kwa jirani, nilivyopigiwa simu kwamba wameshafika na wameshaoga nililia jikoni. Mtoto na yeye anataka kuwalaza wazazi wake hata mara moja, hiyo ndio sikukuu yenyewe, pilau tunakula hata mkiwa hampo.

Fanya hivi baba, usiku wa kwanza lala ndani. Jikaze na hizo safari tatu za haja, omba ndoo. Kuanzia usiku wa pili sema mgongo umezoea godoro la gari. Hapo hakuna atakayenuna. Na chakula chote mle ndani, usije ukawasha gesi yako uani kwa mtu ukachemsha chai, hiyo hata mimi nitakufukuza kweli.

Mama_Ndaga:
Ugonile baba mwalimu. Mimi ni wa Tukuyu, mzaliwa, na nimecheka maana ninyi Wahehe mnaogopa kitu ambacho kwetu kingekuwa heshima.

Kwani huyo kijana wako kaoa wapi? Kama kaoa huku huku kwetu basi sikiliza. Zamani mkamwana na baba mkwe walikuwa hawaonani uso kwa uso. Bibi yangu alituhadithia, akisikia kikohozi cha baba mkwe njiani anaingia migombani na mtungi wake wa maji kichwani anasubiri apite, na hata jina lake halitamki, wala neno linalofanana na jina lake, anatafuta neno jingine. Leo mambo yamelegea sana, mabinti wanapiga selfi na wakwe zao, lakini usidhani imeisha. Ile aibu ipo. Mkwe wako akikulaza chumba kinachopakana na chake na ukuta wa tofali moja, wewe unakoroma yeye anasikia, usiku unakutana naye koridoni na kanga moja, nani kapata sikukuu hapo? Gari lako uani ni ukuta mzuri kuliko ule wa tofali. Mwambie mama asiwe na wasiwasi na majirani, majirani wa Tukuyu watauliza tu hiyo gari ya nani na ina mbalaga (ndizi za kupika) kiasi gani.

Ila ongea na mkwe kabla, sio kupitia kijana, wanaume hawafikishi ujumbe. Mama aongee naye. Na mje na koti la mvua, hapa kwa mwaka inashuka zaidi ya milimita 2,000, sisi Desemba hatuulizi kama itanyesha, tunauliza saa ngapi.

Mnyalu_Jangwani:
Kamwene baba. Niko Arizona huku mwaka wa nane na hilo gari lako lingekuwa na ndugu milioni. Wazee wa Marekani wakistaafu wengi ndio maisha yao, RV kubwa kama basi, ndani kuna choo, bafu, friji, wengine wanauza nyumba kabisa wanahamia humo. Baridi ikianza kaskazini wanashuka huku Arizona na Florida, wanaitwa ndege wa theluji, ikifika masika wanarudi. Kuna kamji kanaitwa Quartzsite, jangwa tupu, ikifika Januari mpaka macho yanapoishia ni RV. Wana viwanja vyao maalumu, unapaki unachomeka umeme, maji, na bomba la maji machafu.

Jirani yangu wazazi wake wanakuja na yao kila sikukuu ya Shukrani, ile Alhamisi ya nne ya Novemba, wanapaki mbele ya gereji, waya wa umeme unapita dirishani, wanakula bata mzinga ndani na saa tatu usiku wanaaga wanakwenda kulala garini, na kila mtu ana furaha. Nilimuuliza jirani hujisikii vibaya? Hakuelewa swali, nikarudia, bado. Na msidhani huku ni huru sana, mitaa mingine kamati ya wakazi haikuruhusu kulaza RV mbele ya nyumba yako mwenyewe uliyoinunua. Bora dada wa Mafinga aliyekata simu.

Kihesa_Mstaafu:
Asanteni sana wanangu, na Mama Ndaga asante, kaoa huko huko Tukuyu ndio. Mama anasoma hapa pembeni yangu anasema Bint wa Makambako ana akili. Sijui kwa nini hajasema kuhusu mimi.

Kihesa_Mstaafu:
Wakuu heri ya mwaka mpya, tumerudi juzi, niliahidi mrejesho.

Mafinga tulilala ndani usiku wote miwili, sikuthubutu hata kutaja gari. Shemeji alikaa na mimi mpaka saa sita usiku kuhakikisha. Siku ya kuondoka nikamkuta yuko ndani ya Hiace amejilaza kitandani na viatu, anaangalia mapazia, akasema mbona pazuri hivi, na Pasaka anataka kuja nasi. Kitanda ni cha watu wawili nimemwambia, akasema wewe utalala keria. Chuma Mboga una ndugu Mafinga?

Njombe binti yetu tulifuata ule ushauri, usiku wa kwanza ndani wa pili garini. Wajukuu walikuja kulala nasi wote wawili, kwa hiyo ile nafasi niliyoikimbilia ikaishia palepale, mguu wa mtu sikioni mpaka asubuhi. Baridi ilikuwepo ila na watoto wawili hapo katikati huhitaji jiko.

Spana nilimpitia, kakaza boliti, kakuta na bomba la breki linavuja kidogo kidogo, kabadilisha, kakataa hela nikamwachia debe la viazi vya Njombe. Mlima Nyoka nilishuka na gia ya pili, lori likanipigia honi nyuma hadi masikio yakauma, sikujali.

Tukuyu sasa. Mama aliongea na mkwe kabla kama nilivyoelekezwa, mkwe akasema hewala, wala hakubisha. Tukafika mvua inamwaga, gari likapakiwa pembeni ya migomba, chakula ndani tukala, mbalaga na nyama mpaka nikafungua mkanda, saa nne nikaaga. Alfajiri naamka nataka kwenda haja, nafungua mlango, nakanyaga kitu. Beseni. Ndani yake kuna birika la maji ya moto limefunikwa na taulo, sabuni mpya haijatolewa kwenye karatasi, na pembeni gumboti za kijana wangu zimegeuzwa mdomo chini zisiingie mvua. Hakuna mtu. Sikusikia hata hatua. Siku tatu zote hivyo hivyo, nikajaribu siku ya tatu kuamka saa kumi nimwone nimshukuru, nikachungulia kwenye pazia, nikaona kanga tu inaishia nyuma ya jiko. Nikaacha. Nilipomwambia mama nataka kumshukuru akasema si ndio umeshamshukuru hivyo, usimfukuze na maneno.

Matema tulikuta joto, ndani ya gari usiku ni oveni, tukaishia kulala nje mchangani chini ya chandarua tulichofunga kwenye mlango wa nyuma na tawi la mwembe. Mama kanunua vyungu vitatu vya Wakisi wa Ikombe, vinaletwa kwa mitumbwi, kimoja kikapasuka kabla hatujafika Kyela na kosa ni langu inasemekana.

Soksi nilizianika kwenye kioo, moja ilipeperuka ikaenda ziwani.

Sasa swali jipya. Mvua ya Tukuyu imeingia kupitia taa ya nyuma ya kulia, godoro limelowa upande wangu tu, raba yake nani anayo Iringa hapa? Pasaka sio mbali na abiria tumeshaongezeka.

Spana_Uyole:
Raba hiyo usinunue mpya mwalimu, zile mpya ngumu hazikai. Tafuta ya kukatwa kwenye gari la kuchinja, lile linalobomolewa vipuri, halafu pakaa silikoni kwa ndani sio kwa nje. Viazi vimeisha, nakukumbusha tu.