Naacha vyondo vyangu dukani, pesa sizioni. Niendelee au niache?

Mama wa Umoja

Habari zenu wapendwa. Naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo hili limeninyima usingizi, na najua hapa wako watu wanaoishi kwa kazi ya mikono.

Mimi nasuka vyondo. Nilifundishwa na mama kule Machakos nikiwa darasa la tano, enzi zile tunasokota uzi wa mkonge pajani hadi ngozi inawaka. Hapa Nairobi nakaa Umoja na mume wangu na watoto watatu. Wa kwanza yuko gredi ya sita, wa pili ana miaka mitano, na kitinda mimba ana miezi 14. Baba yao ni mlinzi, zamu ya usiku. Nilipojifungua huyu mdogo niliacha kazi ya hotelini, kwa sababu mshahara wote ungeishia kwa yaya na nauli.

Basi nasuka watoto wakishalala, saa tatu hadi saa saba usiku. Kiondo cha ukubwa wa kati kinanichukua usiku minne. Nikimaliza napeleka Kariokor, fundi ananipigia mikono ya ngozi, narudi nyumbani natia bitana na zipu.

Ninauza kupitia maduka matatu ya zawadi: Kilimani, Westlands na Karen. Yote ni mali kauli. Naacha mzigo, kiondo kikiuzwa 2,800 duka linakata asilimia 40, mimi napata 1,680. Wa Kilimani hana shida, kila mwisho wa mwezi simu inalia, pesa imeingia. Westlands inauza polepole. Shida ni Karen. Mwezi wa 11 nilimwachia vyondo 14. Desemba akanitumia ujumbe kwa WhatsApp, "Mama, tisa vimeenda, leta vingine." Alinilipa vitatu. Tangu hapo ni "njoo wiki ijayo", "mhasibu hayupo", na sasa simu hashiki. Huu ni mwezi wa tano.

Sasa kuna mama mmoja anayeuza zawadi mjini, ameniambia atanunua vyote ninavyosuka, taslimu, kwa 1,300 kila kimoja. Mume wangu anasema nichukue hizo 1,300 nisahau maduka. Dada yangu anasema niende Maasai Market, lile soko la wazi la kazi za mikono, nijiuzie mwenyewe. Mimi nimebaki katikati. Nifanyeje?

Msusi wa Ngara

Pole sana mama. Nimepita hapo hapo. Kabla ya kukujibu, tuambie kiondo kimoja kinakugharimu ngapi, kila kitu: uzi, rangi, ngozi, bitana, zipu.

Mama wa Umoja

Uzi na rangi kama 350. Mikono ya ngozi na kazi ya fundi 250. Bitana na zipu 120. Jumla 720.

Msusi wa Ngara

Asante. Sasa chukua kalamu tuhesabu pamoja.

Dukani unapata 1,680. Toa 720, inabaki 960. Hiyo ni malipo ya usiku minne, saa 16. Gawa: shilingi 60 kwa saa, na bado hujatoa nauli. Kwa huyu mama wa 1,300 inabaki 580, yaani shilingi 36 kwa saa. Ziangalie hizo namba mbili. Hata ile bei unayoiona nzuri haikulipi vizuri. Tatizo lako la kwanza ni bei, na lilikuwepo kabla huyu wa Karen hajaanza kukuzungusha.

Tuje Karen. Vyondo 14 mara 720 ni 10,080. Hiyo ndiyo mali uliyoingiza pale. Unamdai vyondo sita mara 1,680, ambayo pia ni 10,080. Yaani deni la huyo mtu ni sawa na mtaji wote ulioingiza kwenye huo mzigo, shilingi kwa shilingi. Hapo hakuna suala la uvumilivu, wewe ndiye unayemkopesha, tena bila riba, huku wewe ukikopa unga.

Kuhusu yule wa taslimu, usimkatae na usikubali 1,300. Mwambie 1,500 akichukua kuanzia sita, pesa mkononi kabla mzigo haujaondoka. Anunue vinavyotoka haraka, vile vya rangi za kawaida. Vile unavyovisuka kwa michoro migumu vibaki Kilimani, na huko upandishe bei hadi 3,500. Mwenye duka akilalamika mwambie ajaribu mwezi mmoja.

Muuza Zawadi

Nisikilizeni na mimi, nina duka, na huwa tunatukanwa sana kwenye mambo haya. Ile asilimia 40 si wizi. Kodi ya duka kwenye maeneo hayo ni kubwa, kuna mfanyakazi, kuna stima, kuna vitu vinavyoibiwa mchana kweupe. Na siku hizi lazima nionyeshe risiti ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya kodi, kwa kila ninachonunua, la sivyo watu wa kodi, KRA, hawaitambui hiyo gharama. Kwa hiyo mali kauli inatusaidia sote: mimi sifungi pesa, wewe unapata rafu mahali ambapo usingeweza kulipa kodi.

Lakini pesa ya mtu ya mauzo ya Desemba kufika mwezi wa tano, hiyo haina utetezi. Pesa hiyo si ya duka hata siku moja.

Mimi nafanya hivi na wasusi wangu. Kila kiondo kina namba, imeshonwa kwenye bitana kwa ndani. Tunaandika karatasi mbili, moja yake moja yangu: namba, bei ya kuuzia, kiasi chake, tarehe ya kulipwa. Tunaandika pia nani anabeba hasara kitu kikiibiwa au kikiharibika nikiwa nacho mimi. (Ni mimi. Kama duka lako linakataa hilo, ondoka.) Kila mwisho wa mwezi tunahesabu kwa macho, si kwa simu. Kilichokaa miezi mitatu namrudishia, ajaribu kwingine. Na mzigo mpya hauingii kabla wa zamani haujalipwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nimeona wasusi wazuri wakipotea hivyo hivyo.

Nikuulize jambo moja. Uliwahi kwenda Karen ukaangalia bei iliyoandikwa kwenye kiondo chako? Tuma mtu asiyejulikana aingie kama mnunuzi.

Mama wa Umoja

Sijawahi. Huwa nafika, nazungumzia mlangoni, narudi. Mtoto huwa mgongoni.

Baba Mtu

Mungu akutie nguvu dada.

Shanga na Ngozi

Maasai Market nimeuza miaka sita, nikuambie ukweli wake. Pesa ipo, hasa Julai hadi Septemba wageni wakija kuona nyumbu kule Maasai Mara, na tena Desemba. Lakini ni kukaa chini tangu asubuhi hadi jioni, Jumamosi pale karibu na Mahakama mjini, siku nyingine uhamie kwingine. Madalali watakuletea mzungu, wakutajie bei, wakitaka chao juu. Mvua ikinyesha unafunika mali kwanza kabla ya mtoto. Mimi nilianza wangu wakiwa wameshaingia shule. Kwa mtoto wa miezi 14, nakusihi usubiri. Dada yako kama ana nafasi, aende yeye na vyondo vyako nane Jumamosi moja, muone, mgawane.

Mkongwe wa Buruburu

Mimi nina la huyo mtoto, na la mwili wako. Saa saba ya usiku kila siku, halafu saa kumi na moja unaamka kuandaa wa shule? Nilifanya hivyo nikisuka vitambaa vya makochi, macho yangu leo hayaoni tundu la sindano. Mume wako akirudi asubuhi na akalala hadi saa saba mchana, mwombe akae na watoto saa nane hadi saa kumi. Masaa mawili ya mchana, mwanga wa jua, ni bora kuliko manne ya usiku chini ya balbu. Zungumza naye vizuri, mwonyeshe hesabu ya Msusi wa Ngara. Wanaume wengi wanadhani tunapitisha muda tu hadi waone namba.

Kiondo Baada ya Plastiki

Nilianza mwaka 2017, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa nane. Kila mtu alitaka kiondo. Nilikimbilia maduka saba na nikafilisika nikiwa na oda nyingi, kwa sababu mali yote ilikuwa kwa watu.

Kilichoniinua ni kikundi. Tuko wanne, tunakaa Kayole na Donholm. Mmoja anazunguka madukani kwa niaba ya wote, mara moja kwa mwezi, anahesabu, anadai, anarudi na pesa ya kila mtu. Nauli tunachanga. Mwenye duka akijua anadaiwa na wanawake wanne, adabu inakuja. Halafu kwenu Machakos wako akina mama wanaosuka vizuri sana. Wangeweza kukusukia mwili wa kiondo, wewe ukamalizia ngozi na bitana. Mradi tu uwalipe sawa, usije ukawa wewe ndiye wa Karen kwao.

Mwanasheria Mtaani

Kuhusu hizo 10,080, ipo Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza kazi Milimani mwaka 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ule ujumbe wa "tisa vimeenda" ni ushahidi, usiufute, upige picha na umtumie mtu mwingine auhifadhi. Lakini anza na barua. Andika kiasi, tarehe, na siku 14 za kulipa. Mpe mkononi, na nakala yako wakusainie. Mara nyingi barua peke yake inatosha.

Muuza Zawadi

Naunga mkono. Na ukienda, usiende kudai tu. Nenda kuchukua vile vitano vilivyobaki. Akivirudisha mtabaki na deni tupu, ni rahisi kulifuata.

Mama wa Umoja

Wapendwa, nimerudi. Wiki mbili zimepita.

Dada yangu alitangulia kuingia kama mnunuzi. Kiondo changu kimeandikwa 3,900. Nilisimama nje nikasoma ujumbe wake mara tatu. Tulikubaliana 2,800. Yaani kwa kila kimoja amekuwa akibaki na 2,220, mimi 1,680. Wakati wote huu nilidhani anakata asilimia 40, kumbe ni 57. Nilihisi kulia pale barabarani. Kilichonishika ni huyu mdogo mgongoni, aliyekuwa akivuta kamba ya leso yangu.

Nikaingia na barua. Sikupiga kelele. Nilimwambia nimekuja kwa mambo mawili, vyondo vyangu vitano na pesa za sita. Alianza mambo ya mhasibu, nikamwonyesha ujumbe wake mwenyewe. Kisha nikamuuliza kuhusu 3,900. Alinyamaza muda mrefu. Alinitumia 4,000 kwa M-Pesa nikiwa nimesimama pale, na akasaini kwamba 6,080 zilizobaki atalipa kufikia tarehe 15. Asipolipa naenda Milimani, nimeshaamua.

Yule wa mjini amekubali 1,500 kwa kuanzia sita. Nimempa vitatu kati ya nilivyorudishiwa na vitatu vipya, 9,000 mkononi, nimelipa karo iliyobaki ya huyu wa gredi ya sita. Kilimani nimepandisha hadi 3,500 kwa vile vya michoro, na mwenye duka hata hakubisha, alisema alikuwa akishangaa mbona nauza chini. Baba yao sasa anakaa na watoto saa nane hadi saa kumi. Siku ya kwanza alimlisha mdogo uji hadi kwenye nywele, lakini nilisuka kitako kizima kwa kikao kimoja, sijawahi.

Nina swali moja limebaki. Viwili kati ya vile vitano vilikuwa vimewekwa dirishani, jua limepausha upande mmoja. Vilikuwa vya zambarau, sasa upande mmoja ni kama majivu. Naweza kuviokoa?

Msusi wa Ngara

Hongera sana mama. Unaweza. Fumua bitana na mikono ya ngozi kwanza, ngozi ikiingia kwenye maji moto inajikunja na haitarudi. Usijaribu kurudisha zambarau ile ile, haitalingana. Nenda na rangi nzito zaidi, kahawia iliyokolea au nyeusi. Loweka kiondo kwenye maji ya kawaida hadi uzi wote ulowe, ndipo ukiingize kwenye rangi moto, vinginevyo kitashika mabaka. Kigeuze geuze kwa mti. Ukikitoa kijaze magazeti ndani kishike umbo, kianike kivulini kwenye upepo. Ikiwa mvua hizi za mwezi wa tano bado zinanyesha huko Umoja, subiri siku kavu, kikibaki na unyevu kitaota ukungu.

Mama wa Umoja

Leo kumekucha na jua. Naanza kufumua sasa hivi kabla huyu mdogo hajaamka.