Eti "mahusiano yamemshinda"!! Leo yule mtu kanifikisha hapa (nimeshika shingo)

Mwana wa Ngamiani
Wakuu leo sina salamu. Yule mtu mnamjua, yule anayeingia ofisini saa nne na laptopu haina chaja, simtaji maana hata akikohoa Barabara ya 12 mtasema ni yeye. Leo mbele ya wateja, mbele ya mzee wa watu na kofia yake katoka Muheza na daladala, mbele ya dada aliyeleta chai, kapaza sauti mpaka duka la chini wakazima redio: "Huyu mahusiano yamemshinda." MAHUSIANO! Dada wa chai akanitazama kwa huruma akaniongezea andazi bila kuniambia bei.

Kisa chenyewe mfumo wa kompyuta wa wakulima wa machungwa, na mahusiano yenyewe ni ya tebo (majedwali ya data), si ya mapenzi. Tebo ya wakulima, tebo ya mizigo, mkulima mmoja mizigo mingi, foreni kii (safu inayoonyesha mzigo ni wa mkulima gani) inakaa kwa mzigo, yaani hata mtoto wa chuoni anaiweza. Mimi niliandika PROTECT, mkulima mwenye mizigo hafutiki, Django (zana tuliyojengea mfumo) inagoma. Yeye kagomewa siku moja tu kanuna kama kanyimwa nauli, akaingia kwenye kodi yangu (maandishi ya programu) akaweka on_delete=models.CASCADE, yaani ukimfuta mkulima na mizigo yake yote inafutika, "isitusumbue". Leo kakuta mkulima kaandikwa mara mbili, akafuta mmoja. Na ile admini (ukurasa wa Django wa kusimamia data) haifuti kimya kimya jamani, inakuwekea orodha nzima ya vitakavyoondoka naye, mzigo, mzigo, mzigo, ukurasa unashuka mpaka kidole kinachoka, halafu inakuuliza una uhakika? Yeye kabonyeza huku anaongea na simu. Kamfuta mwenye mizigo, kamwacha mtupu. Mzee anauliza kwa upole kabisa "mwanangu, machungwa yangu yamekwenda wapi", na lile jitu linanigeukia mimi. Mahusiano yamemshinda.

Na anajua fika sina mchumba tangu Idi.

Nazi Mbovu
🤣🤣🤣 kwa hiyo mchumba naye ulimwekea kaskedi, alivyoondoka kaondoka na tivii na godoro

Bi Kodi
Pole mdogo wangu. Lakini Django tangu toleo la 2.0 mwaka 2017 inakulazimisha uandike on_delete mwenyewe, haikuchagulii, kwa hiyo aliyeiandika anajulikana. Angalia giti (inayotunza kumbukumbu za mabadiliko ya kodi) nani kabadilisha, mpelekee bosi.

Mwana wa Ngamiani
Dada yangu giti gani, sisi tunapeana kodi kwa flashi. Na flashi ni yake.

Bi Kodi
Basi nimenyamaza.

Mtoto wa Pongwe
Chai hii, tena haina hata tangawizi. Bekapu iko wapi?

Mwana wa Ngamiani
Bekapu ya Ijumaa ipo, machungwa yatarudi yale ya nyuma, ya juzi na jana naingiza kwa mkono saa hizi kutoka kwenye daftari la mzee lina madoa ya mafuta, tarakimu saba na moja zote sawa. Ila lile neno mbele ya dada wa chai halina bekapu!!

Kaa la Moto
Afadhali wewe. Mimi admini iliandika "Mkulimas" na "Mzigos" kwa sababu Django ukisahau kuiandikia wingi inabandika s ya Kiingereza mwishoni, mteja akauliza huyu Mkulimas ni Mgiriki wa mashamba ya mkonge amerudi? Nikaitwa Mgiriki mwezi mzima.

Raskazoni
Laravel (zana kama Django, ila ya PHP) ndo usiseme, modeli (kodi inayowakilisha tebo) inaitwa Mzigo inakwenda kutafuta tebo "mzigos", haipo, inalia. Na tebo ya katikati ya wengi kwa wengi (mkulima mmoja masoko mengi, soko moja wakulima wengi) inataka majina kwa mpangilio wa alfabeti, mimi nikaweka soko_mkulima badala ya mkulima_soko nikakesha mpaka adhana ya alfajiri.

Mtoto wa Pongwe
Mimi wa kwangu kaorodhesha wakulima 300 na mizigo yao bila prefetch_related (inayovuta mizigo ya wote kwa mkupuo), kweri (maombi kwa databesi) 301 ukurasa mmoja, moja ya orodha na moja kwa kila mkulima, halafu anatukana mtandao eti Tanga hakuna intaneti. Mtandao umekukosea nini?

Nazi Mbovu
Intaneti ipo, tatizo bando. Jana nimenunua asubuhi, nafika Segera limekwisha.

Raskazoni
Segera usinikumbushe, chipsi baridi, dereva anapiga honi dakika kumi hujameza, na chenji muuzaji anakwambia utanikuta ukirudi

Kaa la Moto
😂 mimi ananidai chenji au namdai mpaka leo sielewi. Chai yao ni shilingi ngapi siku hizi?

Mwana wa Ngamiani
Wakuu tunaongelea mimi hapa

Nazi Mbovu
Tulia Mkulimas. Raskazoni, ile ya upande wa kulia ukitoka Dar au ya kushoto?