Mjadala: Zune iliuawa na iPod, au na Microsoft wenyewe?

Wakuu, salaam.

Kila vikitajwa vifaa vilivyobuma, Zune, kifaa cha mkononi cha kupigia muziki cha Microsoft, haikosi, na sababu inayotolewa ni ileile: ilichelewa, iPod ya Apple ilikuwa imeshateka soko. Mimi sikubaliani. Jibu hilo linamwachia aliyeiharibu atoke bila kuulizwa lolote.

iPod ilitangazwa Oktoba 2001, GB 5 kwa dola 399, tena kwa wenye kompyuta za Mac tu. iTunes, duka la Apple la nyimbo mtandaoni, lilifunguliwa Aprili 2003, wimbo senti 99. Zune iliingia madukani Marekani tarehe 14 Novemba 2006: GB 30, dola 249, bei sawa na iPod ya ukubwa huo. Ndiyo, ilikuwa nene, na ile ya rangi ya kahawia ilichekwa sana. Lakini ilikuwa na kioo cha inchi 3 wakati mwenzake ana 2.5, ilikuwa na redio ya FM, na ilikuwa na Wi-Fi ambayo iPod haikuwa nayo kabisa.

Hiyo Wi-Fi ndiyo inayoniuma. Wenye Zune wawili wakikaa karibu, mmoja angeweza kumrushia mwenzake wimbo hewani. Mwaka 2006! Ila aliyepokea aliruhusiwa kuusikiliza mara tatu tu ndani ya siku tatu, kisha unafungwa. Na sharti hilo halikuwa la nyimbo za dukani peke yake. Hata ukitunga wimbo wako mwenyewe, ukaurekodi chumbani na kutaka kila mtu ausikie, Zune ingeufunga vilevile. Huku kwetu, ambako Zune haikuwahi kuuzwa rasmi, vijana miaka hiyohiyo walikuwa wakirushiana nyimbo kwa Bluetooth bila kuhesabiwa. Kitu pekee ambacho kingemfanya mtu amshawishi rafiki yake anunue Zune, Microsoft wenyewe walikitia kufuli.

Kuna na hili. Kabla ya Zune, Microsoft walikuwa na mpango uitwao PlaysForSure: nunua wimbo kwenye duka lolote lenye nembo hiyo, upige kwenye kifaa chochote chenye nembo hiyo. Zune ilipotoka haikuzipiga nyimbo hizo. Mteja aliyewaamini tangu mwanzo ndiye aliyekuwa wa kwanza kutupwa.

Na dukani kwenyewe hukulipa kwa dola, ulilipa kwa pointi. Wimbo pointi 79, pointi zinauzwa 400 kwa dola 5. Unanunua nyimbo tano, unabakiwa na pointi 5 zisizonunua kitu.

Hoja yangu: Zune haikukosa nafasi, ilikosa kumheshimu mnunuzi. Karibuni tupingane.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, umewaonea Microsoft. Ile ya mara tatu ilikuwa bei ya kuingia kwa kampuni za muziki. Universal walikuwa wanalipwa zaidi ya dola moja kwa kila Zune inayouzwa, unadhani wangekubali watu warushiane nyimbo bure? Halafu unasahau vitu vilivyoizunguka iPod. Spika za mezani, waya za kwenye gari, makava, vyote vilitengenezwa kwa tundu moja la iPod. Kufikia Aprili 2007 Apple walitangaza iPod milioni 100 zimeuzwa. Na mtu mwenye nyimbo zake za iTunes anahamaje wakati hazipigi kwingine? Huo ndio ukuta, na sheria ilipaswa kuuvunja.

Mleta mada

Kwenye spika na magari nakubali, hapo umenishika. Kwenye nyimbo hapana. Februari 2007 Steve Jobs, mkuu wa Apple, aliandika mwenyewe kwamba kwa wastani kila iPod ilikuwa na nyimbo 22 tu zilizonunuliwa iTunes, chini ya asilimia 3 ya muziki uliomo. Zilizobaki zilitoka kwenye CD na faili za MP3, na hizo Zune ilizipiga bila shida. Wengi wangeweza kuhama. Hawakupewa sababu.

Kuhusu Universal: Apple nao walibanwa na kampuni hizohizo, lakini hawakuweka kwenye iPod kitu cha kumnyang'anya mtu wimbo wake mwenyewe.

Mchangiaji wa tatu

Mnabishana bure. iPhone ilianza kuuzwa Juni 2007. Hata Zune ingekuwa nzuri vipi, simu ingeimaliza, kama ilivyoimaliza iPod yenyewe. Zune HD ya 2009 ilikuwa nzuri kweli, nani alijali?

Mleta mada

Simu iliua kifaa, haikuua wazo. Zune Pass ilikuwa dola 14.99 kwa mwezi, usikilize utakacho. Leo mamilioni ya watu wanalipia muziki hivyo. Lakini Microsoft waliacha kutengeneza Zune 2011, na Novemba 2015 huduma ikazimwa, nyimbo zenye kufuli za Zune Pass zikaacha kupiga.

Mchangiaji wa pili umeigusa sheria, na hapo ndipo nataka tufike. Aprili 2008 Microsoft walitangaza kwamba waliowauzia nyimbo kupitia duka lao la awali, MSN Music, hawatapewa tena funguo za kuzihamishia kwenye kompyuta mpya baada ya Agosti 31. Wateja walipokuja juu, wakasogeza hadi 2011. Hizo hazikuwa za kukodi, watu walizilipia moja moja wakaambiwa ni zao.

Ninachotaka sheria iseme ni hiki: anayekuuzia wimbo, filamu au kitabu chenye kufuli, siku anayofunga duka akupe nakala isiyo na kufuli au akurudishie hela yako. Anayepinga aje na sababu.