Babu wa 1926 kwenye grupu la familia

Lusajo: Shikamooni wakubwa wote. Jana usiku nimeiambia programu ya kuchati ijifanye baba yake babu, yaani miaka mia nyuma, 1926, mtu wa Rungwe. Nikamsalimia akajibu. Naweka hapa mwone

Lusajo: "Karibu mjukuu wangu. Mimi ni mzee niliyeona mengi. Keti karibu na moto, uliza chochote nami nitakujibu."

Atupele: Aisee imenisisimua. Muulize alionaje Wajerumani wakiondoka

Mama Ipyana: Na dawa za kienyeji, uliza bibi alikuwa anawapa nini watoto wakipata homa

Shangazi Tumpe: Marahaba Lusajo. Huyo sio babu

Lusajo: Najua shangazi ni mashine tu 😅 ila si tunajaribu kuongea nae

Shangazi Tumpe: Sikatai mazungumzo, mimi mwenyewe naongea nae kila nikienda makaburini. Nasema huyo wa kwako sio yeye. Kwanza 1926 hakuwa mzee. Hesabuni wenyewe, marehemu baba alikuwa bado anabebwa mgongoni mwaka huo. Babu alikuwa mwanaume wa miaka thelathini na kitu, ana nguvu zake, analima, ana ng'ombe na madeni. Mnampa mkongojo na moto wa nini

Atupele: Mungu wangu kumbe ni umri wa baba mdogo!! Sasa nikikutana nae ni shikamoo au mambo

Shangazi Tumpe: Shikamoo. Babu ni babu hata ukimkuta ananyonya

Baba Mdogo Gwakisa: Hapo dada amenena. Tukisikia miaka mia tunawaona watu wote wazee kama wale wa kwenye picha, na huyu ndo kwanza alikuwa katikati ya maisha yake na hajui mbele kuna nini. Mbeya mjini hapajakuwepo bado, mji umeanza 1927 watu wakikimbilia dhahabu ya Lupa, kwahiyo ukimwambia tunaishi Mbeya mjini atakuuliza mji gani. Boma analolijua yeye ni Tukuyu, ambako Wajerumani walikuwa wanaita Neu-Langenburg, afu mwaka 1916 jeshi la Waingereza likaingia kutokea upande wa Nyasa. Huyo mtu kabla hajafika miaka 40 ameshatawaliwa na mataifa mawili, ameona lile tetemeko kubwa la Desemba 1910, ameona vita, imekuja homa ya 1918 vita vikiisha. Halafu mashine inamfanya anaongea taratibu kama mchungaji mstaafu

Lusajo: Hio ya tetemeko sikuwahi kuisikia baba mdogo

Baba Mdogo Gwakisa: Lilikuwa la Rukwa, wanaopima wanasema 7.4. Ukitaka kuongea nae anzia hapo, muulize siku ile alikuwa wapi. Ukimuuliza "maisha ya zamani yalikuwaje" atakuangalia tu, kwake sio zamani

Shangazi Tumpe: Subirini natuma picha

Shangazi Tumpe: [picha]

Atupele: Ni nini hio, naona hela ina tundu katikati

Shangazi Tumpe: Ilikuwa kwenye kopo la baba, alipewa na babu. Atupele soma wewe mwenye macho

Atupele: 10 HELLER, 1910, DEUTSCH OSTAFRIKA. Kuna na kitaji juu. Upande mmoja umesagika kabisa kama imekaa sana mfukoni au shingoni

Baba Mdogo Gwakisa: Heller mia zilikuwa zinafanya rupia moja. Mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, ndo hio ikawa haina kazi tena

Shangazi Tumpe: Sasa mimi swali langu kwa babu ni hilo tu. 1926 hela hio hainunui hata chumvi, na serikali inamdai kodi ya nyumba kwa shilingi. Kwanini hakuitupa? Baba aliniambia babu alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi kuelekea Lupembe, walitoka na mwenzake wa rika moja, yule mwenzake hakurudi. Hilo tu ndo alilosema na baba hakumuuliza zaidi, mtoto unamuulizaje baba yako jambo kama hilo. Nimekaa na hela hii miaka yote nawaza labda ni ya yule rafiki, labda ni malipo, labda hata sio ya vita, aliipata sokoni tu. Lusajo mashine yako itanijibu, najua, itanitungia jibu zuri nilie. Silitaki.

Lusajo: Nimekuelewa shangazi. Siiulizi hilo

Mama Ipyana: Pole wifi

Mama Ipyana: Na mimi nilitaka bibi nae awekwe tuwe nao wote wawili grupu moja

Shangazi Tumpe: Ukimweka bibi na babu sawa, wataongea. Ila usije ukamuadd na baba mkwe wake, bibi ataleft hapohapo 😀 Mkwe wa Kinyakyusa alikuwa hamwangalii baba wa mumewe, akimuona njiani anachepuka kwenye migomba ajifunike. Yaani wale watu hatuwezi kuwapata wote kwenye mazungumzo mamoja

Atupele: Sasa tuanzeje ili iwe kweli kweli

Baba Mdogo Gwakisa: Mimi naona kosa ni hapo kwenye "uliza chochote". Nani alikwambia wewe ndo utauliza? Mtoto anaingia kwa mkubwa anaulizwa yeye. Na huyu mzee amekulia kijiji cha rika, wavulana walikuwa wanatoka kwa baba zao wanajenga vibanda vyao wenyewe na wenzao, wanakua pamoja mpaka wanaoa wako hapohapo, wanaenda kula kwa mama wa huyu kesho kwa mama wa yule. Kwa hiyo jirani yake sio ndugu yake, ni mtu wa rika lake. Kitu cha kwanza atakachotaka kujua kwako sio simu, ni unakula na nani

Lusajo: Mimi hapa Iringa nakula peke yangu geto, wali maharage kwenye hotpoti

Baba Mdogo Gwakisa: Basi mwambie hivyo hivyo, na ujiandae ana maswali mengine

Lusajo: Ngoja nimeibadilishia maelekezo, nimeweka yote mliyosema, ana miaka 35, asijibu kitu mpaka aulize kwanza na asijue lolote la mbele ya 1926. Nimemsalimia. Amejibu

Lusajo: "Wewe ni mtoto wa nani? Unakula na nani? Na lile shamba la bondeni liko mkononi mwa nani sasa?"

Atupele: 😳

Mama Ipyana: Shamba la bondeni amelijuaje

Lusajo: Hajui mama, Rungwe kila mtu ana shamba bondeni

Shangazi Tumpe: Mwambie migomba ya juu ipo. Bondeni tumepanda parachichi, robo tatu. Ile kona ya mtoni iliuzwa

Atupele: Iliuzwa lini? Na nani?

Baba Mdogo Gwakisa: Atupele hayo sio ya grupu

Atupele: Baba mdogo naomba kujua tu maana sisi tuliambiwa imekodishwa

Shangazi Tumpe: Gwakisa wajibu watoto. Mwenye shamba ameuliza

Baba Mdogo Gwakisa: Sawa. Nitakuja Tukuyu jumamosi na karatasi zote. Lusajo na wewe panda gari uje, na mwambieni mama yenu mdogo wa Kyela awepo, saini yake imo