Mbao za uwanja wa kuku: nipake nini kabla ya masika?

MamaTetea (Rau, Moshi)

Habari zenu wadau. Nina kuku wa kienyeji 14, nawajengea uwanja wa nje nyuma ya jiko, mita 4 kwa 3. Mbao ni saipresi ya West Kilimanjaro, mbili kwa mbili na za inchi moja, zimepasuliwa mwezi wa 12. Bado zinanukia, na ukibonyeza kwa ukucha alama inabaki. Masika yakianza mwezi wa 3 nataka niwe nimeshamaliza.

Banda la kwanza fundi alilipaka oili chafu, nikaambiwa mchwa hawatagusa. Kuku walikaa na manyoya meusi kifuani mwezi mzima. Tetea mmoja alizoea kudonoa ubao wa chini, pale oili ilipochuruzika ikaganda, nikawa namfukuza kila asubuhi. Na nguzo zikaoza vilevile ndani ya miaka 2: juu nzima, pale zinapoingia ardhini unachokoa kwa kijiko. Mayai ya kuku hawa wanakula wajukuu wangu. Sitaki tena kupaka kitu kitakachonitia wasiwasi kila nikimkaangia mtoto yai.

Dukani mmoja kanishauri vanishi, mwingine steini, ile rangi nyepesi inayonywewa na mbao. Nichukue ipi? Na ndani nipake au niache?

FundiRanda (Arusha)

Shikamoo mama. Kopo lisubiri kwanza, mbao zako bado zina maji. Zipange kivulini kwenye upepo, kila safu uitenganishe na vijiti, zisilale ardhini. Ukizianika juani zitapinda na kupasuka vichwani. Kujua kama zimekuwa tayari, dondoshea matone ya maji. Yakikaa juu kama shanga, subiri. Yakinywewa ndani ya dakika chache, anza kazi.

Piga msasa namba 80, kisha 120, uishie hapo. Watu wanaendelea mpaka ubao uteleze kama meza ya sebuleni, na ubao wa hivyo haunywi rangi vizuri. Futa vumbi lote kwa brashi kavu. Kata vipimo vyote na utoboe matundu, halafu upake *kabla* ya kuunganisha. Ubao unapokutana na ubao ndipo maji yanapojificha, na ukishapiga misumari brashi haifiki tena. Vichwa vya mbao ndivyo vinavyonywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote. Mimi nasimamisha ubao ndani ya kopo, rangi ikiwa kina cha vidole viwili, nauacha unywe hadi utosheke.

Vanishi iache. Inatengeneza ngozi juu ya ubao, jua letu linaipasua, maji yanaingia chini yake na inabanduka vipande vipande. Utakwangua yote upya. Steini ikififia unasafisha na kupaka juu yake. Paka asubuhi au jioni, kwa sababu ubao wa moto unaikausha kabla haijazama. Baada ya dakika 15 futa iliyobaki juu kwa kitambaa. Na ukiamua kutumia mafuta ya kitani, tafadhali mama, vitambaa vyake usivikunje ukavirundika stoo. Vinapata joto vyenyewe mpaka vinawaka. Vitandaze uani vikauke.

MfugajiUsaRiver

Dada, steini iishie nje. Kuku wasiingie mpaka harufu iishe kabisa, maana mapafu ya ndege hayavumilii mvuke wa tina, kile kiyeyusho cha rangi. Vichanja vya kulalia viache bila rangi. Ukutani kwa ndani mimi napaka chokaa, naisukuma kwa brashi kwenye kila ufa, kwa kuwa utitiri hujificha humo mchana na kutoka usiku kunyonya kuku.

Ukiuziwa mbao zenye rangi ya kijani zilizotiwa dawa, uliza ni dawa gani. Ile ya zamani ina shaba, kromiamu na aseniki. Marekani waliacha kuitumia kwenye mbao za majumbani mwisho wa 2003. Maranda yake usitandike bandani, na mabaki usipikie.

MzeeWaKihamba (Kibosho)

Mimi nimetumia oili chafu miaka yote na mchwa sijawaona. Hiyo steini mchwa wanaila pamoja na ubao.

FundiRanda

Shikamoo mzee. Ni kweli, steini haiui mchwa, na sikutaka mama aelewe hivyo. Ila oili ya injini inatoka na vyuma vilivyosagika na masalia ya mafuta, mvua inaishusha kwenye udongo, na udongo huohuo ndio kuku wanaogea vumbi na kudonoa. Kwa nguzo ya uzio wa ng'ombe nisingebishana nawe sana. Kwa kuku wa mayai, nguzo isiguse ardhi kabisa. Imwagie kitako cha zege, ifunge na bapa la chuma, mchwa akipanda utaona njia yake ya udongo na kuifuta. Nguzo za mama zilioza pale pale udongo unapokutana na hewa, na hapo oili haikumsaidia.

MamaTetea

Asanteni sana, wanangu. Marahaba, Fundi. Nimedondoshea matone leo. Ubao wa inchi moja umenywa. Mbili kwa mbili, maji yamekaa juu mpaka nimemaliza kupalilia tuta zima la mchicha. Nimezipanga upenuni na vijiti katikati, nitarudia Jumapili. Zile za inchi moja naanza kuzipiga msasa kesho. Mawe meusi ya mtoni ninayo mengi, yanafaa chini ya nguzo badala ya zege?

FundiRanda

Yanafaa mama. Chagua yenye uso bapa, uyachimbie yasicheze, na yatokeze juu ya ardhi kiganja kizima.