Kalavati limebomoka tangu masika, kila ofisi inasema siyo la kwake. Hii halmashauri tunayo ya nini?

Wakuu heshima kwenu, leo nina hasira kwahiyo mtanivumilia.

Mtaani kwetu kuna kalavati lilibomoka masika, siyo kubwa hata, lakini toka siku hiyo gari la taka haliingii, bajaji haziingii, boda anakuzungusha kule juu halafu anakuongezea jero. Mwenyekiti wa mtaa tumemwandama mpaka tukaanza kumuonea huruma, mtu mwenyewe ofisi yake haina hata karatasi, ukitaka barua ya utambulisho unaenda na karatasi yako mkononi. Akatupeleka kwa mtendaji wa kata, mtendaji akasema hilo liko juu ya uwezo wa kata. Diwani ndo kanichosha kabisa, anasema kaliongea kwenye baraza mara tatu ila barabara siyo za halmashauri tena, yeye anashauri tu. Yani tulipanga foleni juani kumchagua mshauri! Kufika kwa injinia wa barabara, jamaa mpole kweli, anakwambia bajeti ya mwaka huu ilishapangwa, andikeni barua.

Sasa twende kwenye hela. Kila mwezi nikinunua umeme wa LUKU inakatwa 1,500 ya kodi ya majengo, na mimi mpangaji, hata msumari wa ile nyumba siyo wangu. Zamani hiyo kodi ilikusanywa na halmashauri, angalau ulikuwa na wa kumuuliza imeenda wapi. 2016 ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, 2021 ikaingizwa kwenye umeme. Barabara zikapewa wakala wa serikali kuu, TARURA, 2017, maji ya vijijini yakapewa wakala mwingine, RUWASA, 2019. Mkurugenzi anateuliwa kutoka juu, madiwani wakimchoka wanabaki kununa. Halmashauri imebakiwa na kufukuzana na mama wa mchicha sokoni wakiwa na kimashine chao cha POS cha kukatia ushuru.

Halafu ukifungua katiba, ibara ya 146, unakuta serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka gani, ya kusubiri?

Na hili tulishalifanya jamani. 1972 Mwalimu Nyerere alivunja halmashauri, wakaletwa maofisa toka juu, huduma zikayumba mpaka sheria mpya zikatungwa 1982 na halmashauri zikarudi 1984. Mzee mwenyewe alikuja kukiri kwamba lilikuwa kosa. Sisi safari hii hatuvunji, tunaacha kibao na jengo ila vya ndani tunahamisha kimoja kimoja.

Najua kuna mtu atakuja hapa kusema madiwani wezi, mbona ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na walemavu ilisimamishwa 2023 baada ya kugundulika vikundi hewa. Sawa, walioiba washtakiwe, mbona wizara ikiibiwa hatuipokonyi kazi zake? Kenya kaunti 47 zipo tangu 2013, katiba yao inasema zisigawiwe chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na wanaibiwa vizuri tu, magavana wao mnawasikia. Ila mwananchi wa kule barabara ya mtaa ikikatika anajua geti la kwenda kupigia kelele. Mimi nimeenda ofisi nne na nauli nimetoa mfukoni.

Basi kwenye grupu la mtaa tukakubaliana kila nyumba elfu kumi, nondo na saruji tushanunua, fundi kapatikana, Jumapili tumwage zege. Jana usiku mtendaji wa kata, yule yule aliyesema haliko kwenye uwezo wake, kampigia mwenyekiti simu anauliza: hicho kibali cha kujenga kwenye hifadhi ya barabara mmepewa na nani?