Madrid, Septemba 13: tutarajie mbio au msafara wa harusi?

Kijana wa Wete

Assalamu alaykum ndugu zangu. Hapa Wete tuko watu saba au wanane ambao kila Jumapili ya mbio hukusanyika barazani kwa mjomba wangu, na tangu kalenda ya mwaka 2026 itoke hatuna mazungumzo mengine isipokuwa siku hiyo ambayo mbio za magari za Formula 1 zitarudi Madrid kwa mara ya kwanza tangu 1981. Safari hii haitakuwa Jarama, saketi yao ya zamani, bali saketi mpya inayozunguka viwanja vya maonyesho vya IFEMA, karibu na uwanja wa ndege wa Barajas, yenye urefu wa takriban kilomita 5.4 na kona 22. Sehemu yake ni barabara za kawaida za mji, na sehemu nyingine imejengwa upya kwa ajili ya mbio.

Kinachotugawa ni kona ya 12, wanayoiita La Monumental. Ni kona ndefu, imeinuliwa upande wa nje kwa asilimia 24, na jina lake ni lile ambalo Wahispania huvipa viwanja vyao vikubwa vya mchezo wa ng'ombe. Sisi Wapemba, ambao nasi tuna mchezo wetu wa ng'ombe, tukasema basi hapo tuko nyumbani. Lakini mjomba, ambaye katika ujana wake aliwahi kuingia uwanjani Chwale na kitambaa mkononi, alitukata maneno: mchezo haunogeshwi na uwanja, unanogeshwa na ng'ombe.

Naomba kuuliza kwa mlioanza kufuatilia zamani: saketi mpya ya mitaani, katika mwaka wake wa kwanza, huleta mbio za kweli, au magari hufuatana kama msafara wa harusi ambao hakuna anayethubutu kumpita bwana harusi?

Mkaazi wa Malindi

Wa alaykumu salaam. Ndugu yangu, mimi nilishaungua na jambo hili mwaka 2016, Baku, mji mkuu wa Azerbaijan, ilipoingia kwenye kalenda. Wiki nzima tuliambiwa kwamba ule mpando unaopita kando ya kuta za mji wao mkongwe, ambao una upana wa mita 7.6 tu, utakuwa machinjio ya magari. Sisi tuliozoea kupishana na vespa katika vichochoro vya Mkunazini huenda tukaiona hiyo kuwa barabara pana, lakini kwa mwendo wao ni tundu la sindano. Jumapili ikafika, Nico Rosberg akaanza wa kwanza, akaongoza kutoka mwanzo hadi mwisho, na gari la usalama, lile linalotangulia na kuwapunguzia wote mwendo pakitokea ajali, halikutoka hata mara moja. Nililala kabla haijamalizika, na sioni aibu kulisema.

Mwaka uliofuata, barabara ile ile, kona zile zile, Daniel Ricciardo alianza wa kumi akashinda, baada ya mbio kusimamishwa kwa sababu ya vipande vya magari vilivyotapakaa njiani na Vettel kumgonga Hamilton wakiwa nyuma ya gari la usalama. Kwa maoni yangu, mwaka wa kwanza madereva huuogopa ukuta kwa sababu hawajaujua, na mwaka wa pili huugonga kwa sababu wanadhani wameshaujua. Msitarajie makubwa mno Septemba.

Fundi, Mwanakwerekwe

Naheshimu maelezo ya Malindi, ila ningewashauri msisubiri Jumapili. Katika saketi mpya ya mitaani siku ya kutazama ni Ijumaa, wakati wa mazoezi, kwa sababu hapo ndipo barabara yenyewe inapofanyiwa mtihani. Magari haya hupita chini sana, na hewa inayokimbia chini ya sakafu yake huyavuta kuelekea ardhini; mvuto huo huo huweza kuung'oa mfuniko wa chemba ambao malori ya tani thelathini yameukanyaga miaka yote bila ya kutikisika.

Baku 2019 mfuniko uliipasua sakafu ya gari la Williams la dereva George Russell, na kama kwamba hayo hayakutosha, lori lililoibeba kurudi nalo likagonga daraja kwa kreni yake na kuimwagia gari mafuta. Las Vegas 2023, mazoezi ya kwanza yalikatizwa baada ya dakika nane hivi, Ferrari ya Carlos Sainz ilipougonga mfuniko wa valvu ya maji. Mtu hakufanya kosa lolote, lakini kwa kuwa ilibidi abadilishiwe betri, akarudishwa nafasi kumi nyuma kwenye foleni ya kuanzia mbio. Alianza wa 12 na akamaliza wa sita, jambo linaloonyesha kuwa saketi ya mtaani yenye mstari mrefu ulionyooka inaweza kumrudisha mtu mbele. Huyo huyo Sainz ni mtoto wa Madrid na ndiye balozi wa saketi hii. Nina hakika mifuniko ya IFEMA ataikagua mwenyewe kwa mguu.

Mwalimu wa Chake

Mjomba wa Wete amesema neno ambalo wengi wamelipita. Ng'ombe wa mwaka huu, yaani magari yenyewe, ni wageni. Upana wa gari umepunguzwa kutoka mita 2 hadi mita 1.9, uzito wa chini umeshuka hadi kilo 768, na karibu nusu ya nguvu inatoka kwenye umeme. Ule utaratibu wa kufungua bawa la nyuma ili kumpita mwenzako haupo tena. Anayemkaribia wa mbele kwa chini ya sekunde moja hupewa nyongeza ya umeme badala yake. Betri hujazwa zaidi wakati wa kupiga breki, na saketi ya mtaani ina breki nyingi, kwa hiyo mimi natarajia zaidi kona kali za upande wa mjini kuliko hiyo La Monumental. Kona iliyoinuliwa hupitwa kwa kasi. Ni nzuri kwa macho, lakini humo hutashiba umeme.

Mzee wa Mkoani

Wanangu, mnauzungumza msafara kana kwamba ni aibu. Katika mbio za mwisho za Madrid, tarehe 21 Juni 1981 pale Jarama, Gilles Villeneuve aliongoza akiwa na Ferrari yenye injini kali lakini nzito kuzunguka kwenye kona. Nyuma yake walijipanga Laffite, Watson, Reutemann na de Angelis, kila mmoja akiwa na gari lililokata kona vizuri kuliko lake, na hakuna aliyempita. Watano hao walivuka mstari ndani ya sekunde 1.24. Ulikuwa msafara hasa, na ulikuwa ushindi wake wa mwisho.

Kijana wa Wete

Nawashukuru nyote. Nimemsomea mjomba maneno ya Mzee wa Mkoani na amenitaka niyarudie mara mbili. Tumekubaliana kukutana kuanzia Ijumaa, kama alivyoshauri Fundi. Mbio za Ulaya kwa kawaida huanza saa tisa alasiri za huko, ambazo ni saa kumi za kwetu, hivyo tutakuwa tumeshasali Alasiri na tutamaliza kabla ya Magharibi. Jenereta limeshapelekwa kwa fundi, kwa sababu msimu uliopita umeme ulitukatikia ikiwa imebaki mizunguko mitatu, na mshindi tukamjua kwa simu ya jirani.